Kitako cha Kiondo

Mwaka wa sabini na tatu, katika treni ya Nanyuki, niliketi mbele ya msichana aitwaye Warigia, aliyekuwa akimweleza mama wa kando yake habari njema. Alikuwa amepata kazi ya kusuka viondo, vile vikapu vya mkonge, nyumbani, vipelekwe Ulaya. Angeshuka Kiganjo, apite posta kutuma pesa ya kujiandikisha, kisha kazi ianze.

"Huyo tajiri ameona kiondo yako?" mama akauliza, mikono yake ikiendelea kusuka kiondo chake mwenyewe.

"Bado, mama. Aliweka tangazo kwa gazeti, nikamwandikia. Amejibu ati niko na kipaji."

"Kipaji ameona wapi? Kwa stempu?"

Sisi wengine tulitazama nje kwa adabu, masikio yetu yakibaki ndani. Warigia akasema watu wazima wanaogopa kila kitu kipya.  Mama akampa kiondo chake. "Basi wewe nunua hii yangu."

Warigia akakipokea, akakipindua papo hapo, akakibonyeza kitako kwa kidole gumba. "Hapa mwanzo imelegea, mama. Siwezi nunua."

"Umeona? Wewe unanunua kwa mchezo tu, na umeanza na kitako. Mtu asiyepindua kiondo hataki kiondo. Anataka pesa yako."

Treni ikasimama Kiganjo. Warigia akashuka, leso yenye pesa ameishika kwa mikono miwili, akapotea katika watu.

Mama, mshindi wetu, alikuwa amekipindua kiondo chake, akikibonyeza kitako kwa kidole gumba.