Aliyekataa Kupiga Ramli

Ndugu na majirani mliokuja kutufariji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mawimbi.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akasoma shule ya msingi mtaa huohuo, na kabla hajaimaliza alikuwa ameifungua redio ya baba mara nyingi, na kuifunga mara chache. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1982, akaajiriwa na kampuni ya simu, na mwaka 1998 akafungua karakana ya kutengeneza kadi za mtandao, zile zinazounganisha mashine na waya. Alikuwa mkali kama pilipili kwa fundi aliyebadilisha kifaa bila kupima, akisema huko ni kupiga ramli, kwamba kamba hukatikia pabovu, ni kweli, ila pabovu pa kadi hapaonekani mpaka ulitazame wimbi la umeme kwenye skrini.

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na shemeji yetu, seremala aliyeletwa ofisini kwao kutengeneza meza moja, akakawia nayo miezi miwili, wenye macho wakaelewa. Walijaliwa mvulana, aliyerithi ukimya wa baba, na binti, aliyerithi ufundi wa mama, lakini hakuthubutu kumrudishia mteja kadi kabla mama hajaitazama.

Februari 2022 dada alilazwa, madaktari wakahitaji picha za tumbo kabla ya kumpasua, picha hazikuwafikia, maana mashine ya kupigia picha ilikuwa imekatikiwa na mtandao, waya zikabadilishwa bila nafuu, na fundi wa hospitali, mtu mwungwana, akamwomba binti amsaidie. Binti alikimbilia kitandani kumuuliza mama aanzie wapi, na dada, uso umemkunjamana kwa maumivu, akamjibu tu kwamba kifaa cha kupimia anacho, kisha akageukia ukutani. Nilimkasirikia, nikaona anachezea uhai wake. Binti akaifungua mashine, akaipima kadi yake ya mtandao, umeme ulikuwepo, mapigo yanayoiongoza kadi yalikuwepo, wimbi lilitoka zima kwenye chipu, lakini kwenye tundu la waya lilifika nusu ya kimo chake, akajua lehemu ya njiani imepasuka, akaiunga upya, picha zikafika, na dada akapasuliwa kesho yake asubuhi.

Tangu hapo hakushika tena kifaa, alikaa mlangoni pa karakana na chai yake, akimbeba mjukuu aliyezaliwa tarehe 18 Septemba 2023, na mteja aliyemuuliza jambo alielekezwa ndani kwa binti. Ugonjwa ulirudi Mei 2024, na Jumapili tarehe 9 Juni, alfajiri, akatutoka, watoto wake wamemshika mikono. Tumeumia, tena sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, fundi wa hospitali, majirani mliotuletea viti na maji, na mafundi wenzake wote. Wenye kadi zenu karakana msije kuziondoa kwa wasiwasi, Jumatatu binti atafungua, hana tena wa kumuuliza, wala hahitaji.

Dada, siku ile uligeukia ukutani na maumivu yako ili mwanao ajue kwamba anaweza, nami leo nimekuelewa, pumzika kwa amani.