Bi. Mabruka Aliyelirudisha Neno "Shoga"

Laith, ukome kufuta maneno usiyoyajua maana. Na nyote mnaomwita Bi. Mabruka mkaidi, kaeni vizuri msikilize. Mwisho wa Aprili anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata na kuunga video katika studio yetu hapa Ibra, na kichwa kama chake hamkipati Bidiya wala Sur.

Alipoingia, harusi zilirikodiwa kwenye kanda, na mimi nilikuwamo tayari humu studioni nashona nguo za maharusi. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mara moja alimkata bwana harusi nusu nzima ya sherehe, akasema anapiga miayo mno. Mama mtu alikuja juu, tukamtuliza kwa halwa na kahawa.

Lakini kazi yake kubwa ni ya mwaka huu: video ya wimbo wa mapenzi ya Bi. Tamima na marehemu Bi. Basma. Walipendana Unguja wakiwa wasichana, wakaja Oman, wakakaa nyumba moja hapa Ibra mpaka Basma alipofariki. Majirani tukijua. Tukiwaita mashoga, kama mwanamke wa Unguja amwitavyo rafiki yake wa moyoni, na yaliyobaki tukiyanyamazia. Bi. Tamima mwenyewe ndiye aliyetoa picha zao, akataka jambo moja tu: watu wamwone kuwa ni mpenzi wa Basma, na yeye angali hai.

Laith, kijana wetu wa kuhariri, Kiswahili chake cha kuokoteza simuni, anajua shoga ni tusi wanalotupiwa wanaume wapendao wanaume. Basi kila neno hilo lilipopita wimboni akazima sauti, wimbo ukawa kama mtu mwenye kwikwi. Kwenye maandishi ya chini akaweka "jirani". Bi. Tamima akaletwa kutazama. Akauliza, "Miaka yote ile nimelala na jirani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Bi. Mabruka akamwondoa Laith kitini, akalirudisha neno, na chini yake akaandika "mpenzi wangu". Akawatia kwenye video na wale wanaume waliokuwa wakitupigia ngoma maharusini, wenye wapenzi wao wanaume, tuliokula nao biriani kisha tukajifanya hatuwajui. Akaambiwa wateja watakimbia. Kweli, wapo waliokimbia. Lakini alikuja binti mmoja kutoka Al Kamil, akaitazama yote, akaomba arudishiwe mwanzo.

Ahsante, Mabruka. Mola akupe afya, na usingizi wa mchana usioamshwa na mama wa bwana harusi. Na hiyo mitende unayokwenda kuitunza ikutii kuliko tulivyokutii sisi.

Na wewe Laith, siku ya kuagana video inaoneshwa nzima. Kamchukue Bi. Tamima kwake, shikamoo kwanza, mkalishe mbele ya watu wote. Neno likifika, pandisha sauti.