Honi za Saida na Mwani wa Mchinga

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum, na wote hamjambo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua sura, ila watu wa Mchinga mnazijua honi zake. Saida Kibwana, fundi wa mita za maji, alitutoka Jumatatu iliyopita kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Narudia, fundi Saida, miaka thelathini na sita tu.

Mnazikumbuka zile mita za kadi kwenye vioski vya maji? Mwaka juzi zilifungwa mpya, na za zamani ikasemwa zitupwe. Saida alikuwa amezihudumia miaka minane. Ndani ya kila mita mlikuwa na chipu, kidude cheusi chenye miguu mingi, ndicho ubongo wake. Akazing'oa moja moja. Chipu thelathini na moja! Akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaenda nazo nyumbani.

Mjomba wake, mzee Idd, alimcheka. "Wenzio wanarudi na samaki, wewe unarudi na makapi!"

Saida akamjibu, "Mjomba, iliyozeeka ni mita. Chipu inangoja kuambiwa neno lingine tu."

Neno lenyewe lilitoka kwa mama yake, Bi Binti, mkulima wa mwani. Wenye kulima mwani mnajua. Ukishauanika juu ya chanja za miti, mvua ikiupiga, unapauka, mnunuzi hautaki. Kazi ya mwezi mzima, maji kiunoni, inapotea kwa manyunyu ya robo saa. Na mama hawezi kushinda chanjani, ana chungu jikoni. Mwaka ule Bi Binti alipoteza mavuno mawili mfululizo. Saida alimwona akiusomba mwani ulioharibika. Jambo hilo likamkaa rohoni.

Basi akazifuta chipu maagizo ya mita, akaziandikia mapya: mkihisi maji, pigeni honi. Honi za pikipiki hizo, na kisola kidogo juu cha kuzipa umeme wa jua. Akazifunga kwenye chanja za akina mama kumi na tisa.

Lo! Asubuhi ya kwanza zikalia zote. Akina mama mbio, khanga zinawadondoka, wakaanua mwani wote. Mbinguni hakuna hata wingu! Kesho yake vilevile. Siku ya tatu jirani yao, Bi Yustina, akaing'oa yake, akamrudishia. "Shika kidude chako, mwanangu. Tumekuwa kichekesho cha pwani nzima."

Saida aliona haya, jamani. Aliona haya hata akataka kulitupa kopo zima. Bi Binti ndiye aliyemzuia. Akamwambia, "Huo ni umande, tena wa chumvi. Umande hauna pupa, huja polepole. Mvua ndiyo yenye pupa."

Saida akakaa na chipu zake siku nne, akazifundisha. Maji yakija taratibu, nyamazeni. Yakija kwa pupa, pigeni kelele. Tangu hapo hazikumdanganya mtu. Bi Yustina akaja mwenyewe kuomba kidude chake. Saida akamuuliza, "Kipi, kile cha kichekesho?" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Jumanne, siku ya maziko. Wanaume wamekwenda makaburini. Akina mama wako mkekani kwa Bi Binti. Mwani ulibaki chanjani tangu habari ilipofika, nani angeukumbuka? Mara honi zikalia kule pwani. Akina mama wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Utamwachaje mfiwa peke yake?

Bi Binti akainua uso. "Mmekaa nini? Hamumsikii mtoto anawaita?"

Bi Yustina akawa wa kwanza kusimama. Wakaenda wote, wakaanua, wakafunika maturubai, wakarudi wamelowa chapachapa, wakaketi palepale. Bi Binti akauliza, "Umeanuliwa wote?"

"Wote, dada. Tumeanza na wako."

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Bi Binti, mzee Idd na jamaa wote wa Mchinga, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Saida. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Koponi zimebaki chipu kumi na mbili, na Bi Binti amekataza zisitupwe. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Nyumbani kwako kuna kitu, pengine hata mtu, uliyesema kazi yake imekwisha. Je, umewahi kumwambia neno lingine?