Mzee Halafu Anaondoka Dirishani

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, dirisha la malalamiko la ofisi yetu ya maji litafungwa jioni kama kawaida, ila aliyelikalia kwa miaka thelathini na mmoja hatalifungua tena Jumatatu. Kwenye barua ya kustaafu ameandikwa kwa jina lake kamili, refu na la heshima. Sisi tunamjua kama Mzee Halafu, na hata mkewe, shemeji yetu, akipiga simu ofisini humwulizia kwa jina hilo hilo.

Mzee Halafu alisoma falsafa chuo kikuu. Marehemu baba yake, fundi cherehani, alipoambiwa mwanawe anasomea nini, aliuliza kama kitu hicho huvaliwa au huliwa. Kijana akahitimu, akazunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikacheka, ndipo akaitwa usaili hapa kwetu. Wakamwuliza atafanya nini mteja akimfokea. Akajibu kwamba atamwacha afoke amalize, kisha atamwuliza angependa kifuate nini. Jopo likacheka, likampa kazi. Tuseme ukweli, hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Aliyemtangulia dirishani alikuwa ameomba mwenyewe kuhamishiwa stoo ya mabomba, kwa sababu mabomba hayafoki.

Elimu yote ile aliikunja ikawa swali moja. Mteja anafika amefura, maji hayatoki tangu juzi, na leo lazima kieleweke. Mzee anamsikiliza, anamwita fundi, halafu wakati wa kusubiri anamwuliza kwa upole: yasipotoka leo, halafu? Atakosa maji ya kufulia. Halafu? Sare za watoto zitabaki chafu. Halafu? Watakwenda shule hivyo hivyo. Halafu? Mwalimu atawasema. Halafu? Hapo mteja anakuna kichwa, akigundua kwamba kiama alichokuja nacho ofisini ni kola chafu. Wengine walicheka. Wengine walikasirika upya, lakini kwa sauti ya chini. Na fundi alitumwa vilevile, maana Mzee alikuwa wa kwanza kukiri kwamba falsafa haizibi bomba.

Sisi wafanyakazi alitutengenezea dozi yetu. Kila asubuhi kabla ya kufungua, wakati wa chai, kila mtu alitakiwa kutaja baya la leo, yaani jambo baya kuliko yote linaloweza kumpata siku hiyo. Ukishalitaja mnaliuliza halafu, halafu, mpaka linaisha nguvu. Dada wa usafi, ambaye huongea wa mwisho na huongea kidogo, kila siku alitaja kwamba tutaingia na matope. Kila siku tuliingia na matope, na kila siku alisalimika.

Haiwezekani kumuaga Mzee bila kukumbusha Jumatano ile. Mpokea simu alikuwa na mteja kwenye laini, akamwomba asubiri, akaweka mkono wa simu mezani na kuingia kwenye zamu yake ya baya la leo. Alisema bomba kuu limepasuka na mji mzima utakaa siku tatu bila tone, tena aliyasema kwa uchungu, kwa kuwa ana kipaji. Mteja akayasikia yote. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa unakinga maji kwenye ndoo, sufuria, mapipa na beseni za kuogeshea watoto. Tangi kubwa likakauka, na maji yakakatika kweli. Meneja alipomwita ofisini kwake na kuja juu akiuliza ataiambia nini bodi, Mzee Halafu, kwa nia njema kabisa, akamwuliza swali lake. Alitolewa ofisini kwa meneja akiwa amesahau kiatu kimoja. Tangu siku hiyo ni sheria kwamba simu hukatwa kwanza, falsafa baadaye.

Sasa, je, dawa hii inatibu? Mwandishi wa makala haya, jirani yake wa dirisha la pili, alikuwa mbishi kwa miaka mingi. Fundi mkuu wa pampu, mwenye vidonda vya tumbo, anasema alikunywa dawa za daktari na kuuliza halafu kwa pamoja, akapata nafuu, na hajui ampe nani shukrani. Meneja anasisitiza kwamba upuuzi ule haujamsaidia hata siku moja. Lakini kila asubuhi yenye kikao cha bodi, hupitia dirishani kuazima kalamu, na huondoka pale bila kalamu, uso umetulia.

Ubishi wa mwandishi uliisha alipofiwa na mama yake. Alijiandaa kabisa: huyu mtu akija nyumbani kwetu na halafu yake, nitamfukuza. Mzee alikuja, akatoa pole, akavua koti, akaanza kubeba viti. Alibeba viti mpaka jioni, hakuuliza chochote. Baadaye kazini alipododoswa, alisema hofu ndiyo huulizwa maswali, msiba hubebewa viti. Mwandishi alimpenda tangu hapo, na hana haya kulisema hilo.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Barua ya kustaafu ilipofika, tulidhani Mzee ataimaliza kwa halafu mbili tu. Wapi! Aligombana na printa. Alitafuta miwani ofisi nzima ikiwa kichwani kwake. Alimjibu mteja kwa mkato, mteja wa miaka, mpaka yule mama akamwuliza kama nyumbani ni salama. Kisha akaacha kuja kwenye chai ya asubuhi, akidai ana kazi, ilhali foleni ilikuwa bado haijafika hata mlangoni. Hapo ndipo tulipoogopa. Ikiwa mwenye dawa imemshinda, basi sisi tumekuwa tukinywa maji matupu miaka yote hii, na baya zaidi, rafiki yetu angeondoka akiwa amevunjika moyo na sisi tunamtazama.

Jumanne iliyopita tulilibeba birika, tukalipeleka dirishani kwake. Dada wa usafi, kinyume cha desturi, akaanza yeye. Akasema baya lake la leo si matope, ni kwamba Mzee anaondoka. Mzee akasema hilo si la leo. Tukamwambia ajibu swali. Ukiondoka, halafu? Akasema ataamka asubuhi. Halafu? Atavaa viatu. Halafu? Akasema hatakuwa na pa kwenda. Halafu? Akaanza kuzipanga upya fomu za malalamiko zilizokuwa zimeshapangwa.

“Halafu utakuja hapa,” dada wa usafi akamwambia. “Bomba lako la uani linavuja tangu mwaka jana, shemeji kashatuambia. Utakuja kulalamika kama watu wote. Chai utaikuta.”

Mzee alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivua tukaona kwamba analia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Fundi mkuu alikwenda kuleta kiti, akakiweka upande wa wateja, na Mzee akazunguka akakikalia. Alikunywa chai yake pale akilitazama dirisha lake kutoka nje kwa mara ya kwanza, kisha akatoa lalamiko kwamba kioo ni kichafu. Dada wa usafi alimwambia asubiri foleni.

Kwa hiyo mwandishi amejirekebisha: falsafa inasaidia, ila mwenye hofu hawezi kujiuliza peke yake, anahitaji wa kumwuliza na birika la chai karibu.

Mzee wetu, asante kwa kutusikiliza sisi na wateja wetu, na kwa viti. Msalimie shemeji, mwambie amevumilia mengi. Lala mpaka jua likuguse miguu, na siku zako ziwe nyepesi na ndefu. Halafu? Halafu uje. Fundi mkuu amepewa amri asiliguse lile bomba la uani mpaka utakapokuja mwenyewe kulalamika.