Kopo la Maharage la Sista Akongo

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuchungulia masikio ya watoto, muuguzi wetu Sista Beatrice Akongo anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Watoto wa kwanza aliowatibu sasa wanamletea watoto wao.

Mzaliwa huyu wa Mukuju aliletwa kwenye kliniki yetu hapa Tororo mwaka 1992, kushika nafasi ya mtu kwa muda. Muda wenyewe ndio huu unaokwisha.

Anayemfahamu anajua vita vyake na unyoya wa kuku na njiti ya kibiriti. Siku moja pale Busia alimnyang'anya dereva wa lori njiti aliyokuwa akichokolea sikio, akampa somo zima mbele ya foleni ya mpakani. Wiki iliyofuata dereva alikuja kliniki na mwanawe mwenye sikio linalotoa usaha. Na ole wako useme mbele ya Sista kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo aliipiga marufuku kliniki nzima.

Kipimo chake cha kwanza kwa watoto wadogo ni kopo lenye maharage makavu. Hulitikisa nyuma ya mtoto, mahali asipoliona. Mtoto akigeuka, vizuri. Asipogeuka, anatafutiwa vipimo vikubwa. Kopo hilo lilidanganywa mara moja tu, na waliolidanganya ni mapacha.

Miaka kumi iliyopita, Achola wa Nabuyoga alimleta bintiye Akello, mtoto aliyefuata mapacha, kama jina lenyewe linavyosema. Alikaribia miaka mitatu bila neno hata moja. Kwao walisema mapacha, Apio na Adongo, wameyamaliza maneno yote. Mapacha wenyewe walikuwa wamesimama hapo hapo. Kopo likatikiswa, Akello akageuka.

"Huyu nasikia, Sista," mama akasema kwa furaha. "Mimi naita, yeye nakuja mbio."

Wakaenda zao, lakini Sista hakutulia. Jumamosi alipanda boda hadi Nabuyoga. Mapacha walikuwa wamekwenda kisimani, na Akello alikuwa uani akimenya karanga. Sista akatikisa kopo nyuma yake. Akatikisa tena kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Akello akaendelea na karanga zake. Kumbe kule kliniki waliogeuka ni mapacha, naye aliwafuata tu, kama alivyowafuata nyumbani kila mama alipoita. Sista alikaa kwenye mkeka akalia, na hajawahi kuona haya kulisimulia hilo.

Kila mwezi uliopita ulimpunguzia mtoto nafasi ya kujifunza kusema. Bibi yake alitaka kwanza matambiko ya mapacha yarudiwe. Sista hakubishana, alimwomba bibi asimame nyuma ya mjukuu wake, amwite mwenyewe. Bibi aliita mpaka sauti ikakauka. Kesho yake ni yeye aliyefunga mzigo wa safari ya hospitali kubwa ya Mbale.

Walirudi na vifaa viwili vidogo vya kusikia. Sista akawafungia mapacha nje, akamwambia Achola aite. Akello akageuka. Tulishangilia mpaka mtoto akaziba masikio na kuangua kilio, nasi tukazidi kufurahi.

Tangu siku hiyo, kaka na dada hawaingii wakati wa kopo. Sista amewafundisha kanuni hiyo wauguzi wa huku kwetu hadi Majanji, na wenzao wa Busia ya Kenya.

Asante, Sista, kwa mikono yako na hata kwa ukali wako. Mungu akupe afya, shamba lenye rutuba na asubuhi zisizo na foleni. Kopo tunabaki nalo. Ijumaa likilia nyuma yako, geuka tu: atakuwa Akello, ambaye sasa yuko darasa la saba, na ameomba awe msemaji wa kwanza kwenye hafla ya kukuaga. Amejiandaa kweli kweli. Mapacha wanalalamika kwamba hakuwaachia hata neno moja.