Kupumzika Kusiko na Ndugu

Mimi ni mutu wa safari: nilishafika mpaka Aru, kule karibu na Uganda, ila njia nzima nilikuwa nalala. Kwa hiyo nilitega sikio ndani ya bisi, muzee mumoja alipomuambia mama wa pembeni yake kwamba mutoto wao Chance anawatuma, yeye na bibi yake, Tailandi, kule Azia.

"Pole, papa. Nani alikufa?"

"Hakuna. Tunaenda kupumzika tu, pembeni ya maji."

"Si ziwa yetu ya Tchomia iko na maji? Na huko mutafikia kwa nani?"

"Kwa hoteli."

"Bila ndugu ata mumoja? Sasa mutapumzika namna gani?"

Hapo na mimi nilipotea. Pumziko bila shemeji wa kukupikia, ile ni kifungo.

"Na bibi yako haogopi ndege?"

"Yeye? Nilimuelezea yote. Anafurahi kunishinda!"

Bisi ikasimama. Chini, bibi yake alikuwa anamungojea na kitunga cha samaki wa kukausha, akaita kwa dirisha: "Papa Chance! Nilishatukamatia fasi mu motokari ya Aru. Shofere anauliza, ile Tailandi yako iko mbele ya Aru ao nyuma?"

Muzee akainama chini ya kiti, akaanza kutafuta kiatu chenye alikuwa amevaa.