Nyumba ya Mteremkoni

Tangu basi litoke Kitai, Devotha alikuwa akichungulia kompyuta ya kijana mchora ramani za nyumba aliyekaa mbele yake. "Nitanunua programu hii ndogo," kijana alimwambia mzee jirani yake. "Inachora kuta vizuri, ila ardhi yake ni tambarare tu."

"Na nyumba unayoichora ni ya wapi?"

"Mkumbi, mzee."

"Mkumbi, kwenye mteremko ule! Mvua ya kwanza tu, mteja wako ataamkia bondeni na kitanda chake!"

Kijana akacheka, akafungua programu nyingine, kubwa na kamili, aliyopewa kujaribu. Mlima ukainuka kiooni, nyumba ikaukalia kama kuku juu ya mayai, jua likapenya hadi jikoni. Devotha alijua hata msingi haujachimbwa, lakini alitamani kubisha hodi.

"Bei yake inatisha, mzee."

"Kuliko mteremko wa Mkumbi, mwanangu?"

Basi likasimama Mbinga. Kijana akafunga kompyuta, na Devotha akashtuka kana kwamba kuna watu wamefungiwa ndani.